Mama wa Kabete na Uzao Wake: Uhakiki wa Masimulizi ya Ukoo wa Leakey

Katika uwanja wa wasifu na tawasifu za Afrika ya Mashariki, ni koo chache zilizoandikiwa vitabu vingi kama ukoo wa Leakey wa Kenya. Louis Leakey, mchimbuzi wa masalia ya binadamu wa kale, alijiandika mwenyewe mara mbili: kwanza katika White African, kilichotoka mwaka 1937, kisha katika By the Evidence, kilichochapishwa mwaka 1974, miaka miwili baada ya kufa kwake. Mwaka 1975 Sonia Cole alitoa Leakey's Luck. Mwana wa Louis, Richard, akatoa One Life mwaka 1983, na mwaka uliofuata Mary, mjane wa Louis, akatoa Disclosing the Past. Hatimaye Virginia Morell wa Marekani alikusanya habari za vizazi vyote hivyo katika kitabu kinene kiitwacho Ancestral Passions, mwaka 1995.

Mwalimu wa Kiswahili wa Kigali anayo haki ya kuuliza: haya yatuhusu nini sisi? Hawa si Wanyarwanda, vitabu vyao si vya Kiswahili, na mafuvu ya Olduvai yako mbali na mitaala yetu. Jawabu langu ni kwamba yatuhusu, na kwa njia ambayo waandishi wenyewe hawakuipa uzito. Ukoo huu umepita Rwanda zaidi ya mara moja. Tena umepita hasa kwa upande wa wanawake, upande ambao vitabu hivyo huutaja kwa haraka kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya jirani mgonjwa asiyetaka kumwamkia.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yafaayo sana kwa uhakiki wa aina hii, nayo ni kuumeni na kuukeni. Mtu ana jamaa zake wa kuumeni, yaani wa upande wa baba, na wa kuukeni, yaani wa upande wa mama. Vitabu nilivyovitaja, vyote, vimeandikwa kuumeni. Vinaanza na Kasisi Harry Leakey, vinashuka kwa Louis, vinashuka tena kwa Richard, na mwisho vinafika kwa Louise, binti wa Richard, aliyezaliwa mwaka 1972 na ambaye naye amekuwa mchimbuzi. Mstari umenyooka kama reli. Lakini ukoo wa watu si reli. Una matawi, na tawi la kwanza kabisa la ukoo huu katika Afrika halikuwa la Harry. Lilikuwa la mkewe.

Mary Bazett alifika Mombasa katika miaka ya 1890 akiwa msichana asiyeolewa, mmisionari wa Church Missionary Society kwa jina lake mwenyewe. Wakati huo reli ya kwenda bara ilikuwa haijajengwa na Nairobi ilikuwa haijawa mji. Hali ya hewa ya pwani ilimshinda, akarudishwa kwao, na waganga wakamwambia asirudi Afrika tena. Akaolewa na kasisi kijana, Harry Leakey, akamzalia mabinti wawili, Julia na Gladys. Na mumewe alipopelekwa Kabete katika nchi ya Wakikuyu, mwanzoni mwa karne ya 20, Mary alimfuata mwaka 1902 pamoja na watoto hao, juu ya makatazo yote ya waganga. Tarehe 7 Agosti 1903 alijifungua Louis huko Kabete, mtoto njiti, katika nyumba ya misheni isiyokuwa na fahari yoyote.

Hebu msomaji atazame mpangilio wa mambo hayo. Aliyetangulia ni mke. Aliyeijua Afrika kwanza, akaugua humo, akafukuzwa na maradhi, kisha akarudi kwa hiari yake, ni mke. Lakini mwandishi baada ya mwandishi hulieleza jambo hili katika aya mbili tatu za utangulizi, halafu humgeuza Mary kuwa mama mwenye afya dhaifu ambaye kazi yake ni kumzaa shujaa. Sikatai kwamba alimzaa shujaa. Nasema tu kwamba ujasiri wa kurudi mahali palipokaribia kukuua, tena ukiwa umebeba watoto wadogo, ni maudhui ya kutosha sura nzima. Mwandishi wa riwaya asingeliacha jambo hilo lipite hivi hivi.

Ipo sababu ya nje ya upungufu huo, na kwa uadilifu hatuna budi kuitaja. Mwanamke asiyeolewa aliyekwenda misheni aliandikwa katika daftari za shirika kwa jina lake, na barua zake zilihifadhiwa kwa jina hilo. Akishaolewa na mmisionari, aliingia chini ya jina la mumewe, na kazi yake ikahesabiwa kuwa sehemu ya kazi ya mume. Basi mtafiti anayefungua nyaraka za shirika hilo, ambazo siku hizi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, huko Uingereza, humkuta Harry kwa urahisi kuliko Mary. Huko Kabete, Mary aliwafundisha wasichana na wanawake na kuwatazama wagonjwa. Shule ya wasichana haiachi nyuma vitabu vilivyochapwa. Tafsiri ya Biblia huacha. Agano Jipya la Kikikuyu, ambalo Harry aliliongoza pamoja na wafasiri wenzake, lilitoka mwaka 1926, na hadi leo ndilo linalomtambulisha. Wanawake waliojifunza kusoma ili walisome wametajwa wapi?

Udhuru huu, hata hivyo, hauwatoshi waandishi wote. Louis alikuwa mwanawe. Hakuhitaji nyaraka.

Na tukitazame sasa hicho White African, maana ndicho kitabu cha mzizi. Wengine wote wamekinywea maji. Louis alikiandika mwaka 1936, akiwa Uingereza, mtu wa miaka 33 asiyekuwa na kazi ya uhakika wala fedha, na aliyetoka kuachana na mke wake wa kwanza, Frida, ili amwoe Mary Nicol. Sifa yake ilikuwa imechafuka Cambridge. Hali hiyo imeacha alama katika fani ya kitabu. Lugha yake ni nyepesi, yenda mbio, na visa vyake vimechaguliwa kwa mkono wa mtu anayejua kwamba msomaji wa London anataka chui, mitego na mafuvu. Katika kusimulia utoto, hata hivyo, mwandishi hutua, na hapo ndipo kitabu kinapata uzito. Tunamwona mtoto wa Kizungu aliyelelewa na Wakikuyu, akapewa jina la Wakuruigi, akaingizwa jandoni pamoja na vijana wenzake wa rika la Mukanda, akajijengea kibanda chake mwenyewe kama desturi ilivyotaka. Anatuambia kwamba aliwaza kwa Kikikuyu na kuota kwa Kikikuyu. Dai hilo ni zito kuliko jina la kitabu, kwa sababu jina la kitabu mtu hujichagulia, lakini hakuna ajichaguliaye lugha ya ndoto.

Kisa kimoja cha kitabu hiki kingewapendeza sana walimu wa lugha, nami nakitumia darasani. Alipokuwa mwanafunzi wa Cambridge baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Louis alitakiwa kufanya mtihani katika lugha mbili za kisasa. Moja ilikuwa Kifaransa. Ya pili, akasema, itakuwa Kikikuyu. Wakuu wa chuo walitazama kanuni zao wakaona hawana njia ya kumkatalia, ila walitaka hati kuthibitisha kwamba anaijua lugha hiyo barabara. Hati ikaletwa kutoka Kenya, imetiwa alama ya kidole gumba ya Chifu Koinange. Kisha ikatafutwa orodha ya watu wawezao kumtahini katika Uingereza nzima, na mmoja wa watu waliopendekezwa akawa Louis mwenyewe! Zaidi ya hayo, mwalimu aliyewekwa kumwelekeza katika somo hilo alijifunza Kikikuyu kutoka kwa mwanafunzi wake. Kisa kinachekesha, na mwandishi anajua kukisimulia. Lakini mwanafunzi wangu mmoja aliuliza swali ambalo kitabu hakina jawabu lake: yeye Kikikuyu alikipata kwa nani?

Swali hilo limelala kitandani mwa kitabu chote. Mtoto hajifunzi lugha kwa chifu wala kwa kasisi. Hujifunza kwa anayembeba mgongoni, anayemlisha, anayemwimbia na kumkemea. Wanawake wa Kabete waliomlea Louis na dada zake ndio waliomtahini kwanza, tena bila hati ya kidole gumba. Katika masimulizi ya ukoo, wanaonekana kama mandhari: huja kumtazama mtoto mweupe aliyezaliwa, humtemea mate ya baraka kwa desturi yao, wasomaji wa Uingereza hucheka, basi. Hapa wanakutana wanawake wa aina mbili walioachwa nje ya mstari, mke wa kasisi na mlezi wa Kikikuyu, na pengine hao ndio waliozungumza kila siku jikoni na uani kuhusu homa, maziwa na meno ya watoto, kwa lugha ambayo hatutaisikia kamwe. Kwangu mimi hiyo ndiyo hasara kubwa ya fasihi hii yote.

Tugeukie mabinti, maana ndio wanaotuleta Rwanda. Gladys, binti wa pili wa Mary, aliolewa na Leonard Beecher, mmisionari mwalimu aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki wa Kanisa la Kianglikana, tangu mwaka 1960 hadi 1970. Jina la Beecher walimu wa Kenya wa makamo ya zamani walilijua kwa sababu nyingine: Taarifa ya Beecher ya mwaka 1949 juu ya elimu ya Waafrika, iliyopanga masomo katika ngazi tatu za miaka minne minne, ikatilia mkazo usimamizi wa shule, na kupunguza kasi ya upanuzi ambao wazazi walikuwa wakiudai. Wakikuyu wengi waliichukia. Waliona kwamba inawawekea watoto wao ungo wenye matundu madogo mno, na wafuasi wa shule za kujitegemea waliona inazilenga shule zao. Nazo shule hizo zilifungwa kwa wingi mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Ajabu ni kwamba huyo huyo Beecher, pamoja na mkewe Gladys, walitunga kamusi ya Kikikuyu katika miaka ya 1930. Gladys alikuwa amekulia katika nyumba ambamo lugha hiyo ilisikika pande zote, na hakuna mwalimu atakayeshindwa kukisia nani katika ndoa hiyo aliyekuwa na sikio la mwenyeji. Jalada la kamusi, angalau, limebeba majina yao wote wawili. Ni mahali pamoja kati ya pachache ambapo binti wa Mary anasimama sambamba na mumewe katika maandishi.

Julia, binti wa kwanza, aliolewa na Lawrence Barham, kasisi aliyefanya kazi Kabale, Uganda, katika siku za uamsho ule uliosambaa kutoka Gahini na Kabale katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika ya Mashariki yote. Barham alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1964 akawa Askofu wa Rwanda na Burundi, na mwaka 1966 kazi hiyo ikapokelewa hapa kwetu na Askofu Adonia Sebununguri, Mnyarwanda wa kwanza kuishika. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, nchi ikiwa ingali katika majeraha ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Ken Barham, mwana wa Lawrence, akawa Askofu wa Cyangugu. Kwa maneno mengine, mjukuu wa yule msichana aliyekatazwa na waganga aliketi katika kiti cha uaskofu kando ya Ziwa Kivu, karne moja baadaye.

Nani aliyejua hayo kwa kusoma vitabu vya ukoo wa Leakey? Wenye kujua wameyajua kanisani. Katika vitabu, Julia huolewa na kutoweka. Morell, ambaye kwa bidii ya utafiti anawazidi wenzake wote, anafuatilia kila ugomvi wa mafuvu mezani mwa wataalamu, kwa ukarimu wa kurasa nyingi. Lakini Julia na Gladys, waliobaki katika kazi ile ile ya wazazi wao maisha yao yote, ni kama watu waliosimama nje ya picha. Naelewa sababu: jina lake kitabu ni la watu waliokuwa na shauku ya masalia ya kale. Hata hivyo neno la kwanza la anwani yake ni la ukoo, na ukoo wa mama huyu una maaskofu pia, si wachimbuzi tu.

Waandishi hupenda mno kutuonyesha kinaya kwamba babu alitafsiri Mwanzo na wajukuu wakachimbua mwanzo mwingine. Ni kinaya kizuri, nami nilikifurahia mara ya kwanza. Lakini kinarahisisha mambo. Kinamfanya msomaji aamini kwamba ukoo ulihama wote kutoka kanisani kwenda bondeni, ilhali ulihama nusu tu, nusu ya wanaume. Louis mwenyewe hakuwa amelikana kanisa la wazazi wake kama mwanawe Richard alivyofanya. Nusu ya wanawake ilibaki ilipo, ikasogea upande wa magharibi, ikavuka mpaka wa Uganda, ikatufikia sisi.

Njia ya pili ya ukoo huu kuingia Rwanda inajulikana zaidi, maana imeingia katika filamu. Louis Leakey ndiye aliyemtafutia Dian Fossey fedha na kumtuma kuwachunguza masokwe wakubwa wa milimani, ambao Wanyarwanda huwaita ingagi. Fossey alianza upande wa Kongo mapema mwaka 1967, akafukuzwa na machafuko, na mnamo Septemba mwaka ule ule akaanzisha kituo cha Karisoke katika Milima ya Birunga. Aliuawa huko Desemba 1985. Leo watalii hufika Kinigi kwa maelfu kuwaona ingagi, na ni wachache wajuao kwamba dada wa yule mzee aliyemtuma Fossey aliwahi kuwa mke wa askofu wa nchi hii. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi jambo hili na wakadhani nawatungia hadithi.

Ipo pia njia ya tatu, ya unyenyekevu zaidi, nayo ni ya maharagwe. Colin, mtoto wa Louis kwa mke wa kwanza, alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1933, baba yake akiwa ukingoni mwa kuondoka nyumbani. Alilelewa Uingereza na mama yake. Akawa mtaalamu wa mimea, akafanya kazi Uganda katika miaka ya 1960, na somo lake kubwa lilikuwa maharagwe, chakula ambacho hakikosi kwenye sahani ya Mnyarwanda. Yeye hachimbui mifupa, kwa hiyo katika masimulizi makuu ni kama mtoto wa pembeni. Ningependa kusoma tawasifu ya mtu huyu kuliko nyingine mbili za baba yake. Alifariki mwaka 2018.

Yafaa niseme neno juu ya One Life cha Richard, kisije kikaonekana nakisahau kwa makusudi. Ni kitabu cha mtu aliyechungulia kaburi. Mwaka 1979 figo zake zilikuwa zimekufa, na mdogo wake Philip, ambaye walikuwa hawapatani, alijitolea kumpa figo moja. Mwaka huo huo Philip alichaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata. Sehemu ya ugonjwa imeandikwa kwa unyofu ambao Louis hakuwahi kuufikia, na inamwonyesha msomaji udugu ni nini bila kuhubiri. Lakini bibi yake Mary? Ni jina la zamani tu. Tena kuna balaa la majina: mama mzaa baba ni Mary Leakey, na mama mzazi pia ni Mary Leakey, yule aliyeligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959 na kuongoza kazi ya nyayo za Laetoli katika miaka ya 1970. Ukitaja jina hilo popote duniani, watu humfikiri wa pili. Wa kwanza amefunikwa hata na jina lake mwenyewe.

Kuhusu miaka ya vita vya Mau Mau, vitabu hivi vinayumba. Louis alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria, mwaka 1952 na 1953, mpaka mawakili wa utetezi walipolalamika kwamba anaegemea upande mmoja, akajitoa. Mwaka 1954 binamu yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji. Je, mtu aotaye kwa Kikikuyu akawa mkalimani wa mashtaka dhidi ya Mkikuyu? Hapa ndipo anwani White African inapovunjika mikononi mwa mwandishi wake. By the Evidence kingeweza kulijibu swali hili, lakini masimulizi yake yanaishia mwaka 1951. Cole na Morell wanajitahidi kulieleza, na Morell ana uwazi zaidi. Mimi naona kwamba jawabu lilihitaji ushahidi wa watu wa Kabete wenyewe, waliomfahamu Wakuruigi kabla hajawa daktari wa falsafa. Rika la Mukanda lilisema nini? Mwandishi wa wasifu anayejua lugha moja tu hawezi kuuliza swali hilo kwa wanaoweza kulijibu.

Kwa kulinganisha, tunao hapa Rwanda ukoo mwingine wa kasisi wa Kiingereza. Harold Guillebaud alikuja katika misheni hii mwaka 1925 pamoja na mkewe Margaret, na kazi yake kubwa ilikuwa tafsiri ya Agano Jipya la Kinyarwanda, lililotoka mwaka 1931. Alifariki mwaka 1941. Ukoo huu nao ulibaki katika eneo letu kwa vizazi. Lakini tazama nani walioandika: Lindesay, binti yake, aliandika historia ya misheni mwaka 1959, na Meg, mjukuu wake, kasisi mwanamke aliyefanya kazi Byumba baada ya mauaji ya kimbari, akatoa Rwanda: The Land God Forgot? mwaka 2002. Kalamu ilishikwa na mabinti na wajukuu wa kike. Matokeo yake ni masimulizi ambamo ukoo hauoni haya kuonekana jikoni, na ambamo watu wa nchi wana majina na wanasema. Sisemi kwamba vitabu hivyo havina kasoro. Vimeandikwa kwa ajili ya waumini na haviuvumilii sana ubishi. Nasema kwamba hoja ya kuumeni na kuukeni si ya kubuni. Abadilikapo mwenye kalamu, hubadilika walioketi sebuleni.

Ndugu walimu wataniuliza faida ya haya darasani. Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, tumepata wanafunzi wa namna mbili. Wako waliokianzia kwenye daftari, na wako waliokikuta nyumbani, kwa sababu bibi au mama zao walikileta kutoka Tanzania, Kenya, au Kongo, walikoishi kama wakimbizi kwa miaka 30 na zaidi. Hawa wa pili ni wazao wa wahamaji, kama walivyo wazao wa Mary Bazett, ingawa waliondoka bila hiari, bila shirika la kuwalipia nauli wala mahali pa kuhifadhi barua zao. Kiswahili cha nyumba hizo, chenye lafudhi ya Ngara au ya Goma, ndicho nyaraka pekee walizorudi nazo. Kilisemwa kwa miaka mingi mjini Kigali kama lugha ya Biryogo, ya soko na ya kambi ya askari, na watoto waliambiwa waache kukisema mbele ya wageni.

Nimewapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la kuandika historia ya ukoo kwa vizazi vitatu, kwa sharti moja: waanze kuukeni, na wataje ni nani aliyemfundisha nani lugha gani. Insha nilizopokea zimenishughulisha kuliko vitabu vyote nilivyovihakiki hapa. Wengine walijaza ukurasa mmoja wakasimama, kwa sababu waliokuwa wakijua yaliyofuata waliuawa, na hakuna wa kuulizwa. Hao sikuwataka waendelee. Wengine walikwenda kumuuliza bibi, na bibi akasema kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihaya maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote tuliyo nayo shuleni. Maneno hayo nimeanza kuyaandika kando, na mpaka sasa yamefika 43. Wenzangu wenye wanafunzi wa namna hiyo, hasa mlioko Nyamirambo na Kirehe, nawaomba mniletee ya kwenu, pamoja na jina la kijiji au kambi neno lilikosikika.